Kugombea Kiti cha Uwakilishi New Hampshire kwa Ajili ya Uhuru wa Raia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu wa aina mbili. Wapo Waswahili wanaoishi Marekani, hasa katika miji ya Manchester, Concord na Nashua, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimepata makazi na baadhi yao sasa ni raia wenye haki ya kupiga na kupigiwa kura. Wapo pia wasomaji wa Afrika Mashariki waliosikia kwamba kuna jimbo ambalo mtu wa kawaida, asiye na fedha wala ukoo mkubwa, anaweza kuingia bungeni kutetea uhuru wa jirani zake, nao wanataka kujua kama jambo hilo ni kweli. Ni kweli, ingawa kazi yenyewe ni nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa nini New Hampshire, na si jimbo jingine?

Kwa sababu ya ukubwa wa bunge na udogo wa jimbo. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina viti 400 na Seneti ina viti 24, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 1,377,529. Ukigawanya, kila mwakilishi anasimamia watu wasiofika 3,500, idadi ambayo kwetu haijazi hata kata moja ya mjini. Kwa kulinganisha, Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ya 2019, ina wabunge 349 na maseneta 67 tu, bila kuwahesabu maspika wawili. Jimbo hili dogo la kaskazini lina watunga sheria wengi kuliko taifa zima la Kenya.

Hali hiyo hubadilisha siasa kutoka kwenye mzizi. Mwakilishi wa watu 3,500 hukutana nao dukani, kanisani, msikitini na kwenye mchezo wa mpira wa watoto. Hawezi kujificha nyuma ya wasaidizi kwa sababu hana wasaidizi, na hawezi kununua ushindi kwa matangazo ya televisheni, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayelipia tangazo linaloonekana na jimbo zima ili kuwafikia wakazi wa mitaa michache. Kinachobaki ni miguu, uso na neno lake.

Bunge la muda ni bunge la namna gani?

Ni bunge ambalo wajumbe wake hawakuajiriwa kuwa wanasiasa. Bunge la New Hampshire, ambalo jina lake rasmi tangu zamani ni Mahakama Kuu ya Jimbo ingawa halihukumu kesi, hukutana mjini Concord kuanzia Januari hadi mwishoni mwa Juni. Katiba huruhusu wajumbe walipwe nauli kwa siku zisizozidi 45 za vikao katika mwaka, au hadi tarehe 1 Julai, lolote litakalotangulia. Nje ya muda huo fundi bomba hurudi kwenye mabomba yake na mkulima hurudi shambani.

Majimbo mengine ya Marekani yana mabunge ya muda kwa njia zao. Texas, kwa mfano, hukutana kwa siku 140 katika kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, na wajumbe wake hulipwa dola 600 kwa mwezi. California iko upande wa pili kabisa, kwa kuwa wajumbe wake hufanya kazi hiyo mwaka mzima kwa mshahara mnono. Mtetezi wa uhuru ana sababu ya kulipenda bunge la muda: mtu anayetunga sheria Jumatano kisha Ijumaa akaishi chini ya sheria hiyo, kama mfanyabiashara, mzazi au mpangaji, huonja alichopika.

Mjumbe hulipwa kiasi gani?

Dola 200 kwa muhula mzima wa miaka miwili, yaani dola 100 kwa mwaka. Spika wa Baraza na Rais wa Seneti hupata dola 250. Kiwango hicho kiliwekwa katika katiba mwaka 1889 na hakijabadilishwa hadi leo. Juu yake kuna fidia ya mwendo wa gari kutoka nyumbani hadi Concord.

Tuseme ukweli wa jambo hili, kwa kuwa lina pande mbili. Ujira mdogo huwafukuza wanaotafuta kula, na hilo ni jema kubwa. Lakini huwafukuza pia vijana wenye watoto wadogo, wafanyakazi wa zamu na mama anayelea peke yake, na ndiyo maana ukiingia ukumbini utaona vichwa vingi vyenye mvi. Anayefikiria kugombea akae kwanza na familia yake na kuhesabu siku, kwani kwa miezi sita atahitajika Concord siku mbili au tatu kwa wiki, na katika wiki za mwisho huenda zaidi. Waliojiajiri, wastaafu na wenye waajiri wapole ndio hulimudu jambo hili kwa urahisi.

"Mpenda uhuru" maana yake nini hasa?

Kwa Kiswahili neno uhuru limebeba historia ya kuondoa mkoloni na kupandisha bendera, na mtu akisema "mpigania uhuru" tunamkumbuka aliyeshika silaha au jukwaa dhidi ya utawala wa kigeni. Hapa tunazungumzia hatua inayofuata. Bendera ikishapandishwa, je, raia mmoja mmoja ana nafasi ya kuendesha maisha yake, mali yake, kazi yake na malezi ya watoto wake bila kuomba ruhusa kwa kila hatua?

Mgombea wa aina hii huupima muswada kwa maswali machache. Je, unamlazimisha mtu ambaye hajamdhuru mwenzake? Je, unachukua fedha za mwananchi kwa jambo ambalo lingeweza kufanywa kwa hiari? Je, unampa ofisa wa serikali mamlaka ambayo hatungependa yashikwe na adui yetu wa kisiasa? Swali hilo la tatu, kwa maoni yangu, ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, na ndilo linalosahaulika haraka chama cha mtu kinapokuwa madarakani.

Jimbo lenyewe lina urithi wa fikra hizo. Kaulimbiu yake rasmi tangu mwaka 1945, "Ishi huru au ufe", ilitokana na maneno aliyoyaandika Jenerali John Stark mwaka 1809 akiwa mzee. Katiba yake ya mwaka 1784, katika ibara ya 10 ya sehemu ya kwanza, inatamka kwamba wananchi wana haki ya kuibadilisha serikali iliyopotoka. Hakuna kodi ya jumla ya mauzo, wala kodi ya mshahara.

Je, ni lazima niwe mwanachama wa Free State Project?

Hapana. Watu wengi huchanganya mambo haya, kwa hiyo tueleze. Mwaka 2001 Jason Sorens, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Yale, alipendekeza kwamba wapenda uhuru waliotawanyika Marekani nzima wahamie jimbo moja dogo ili sauti yao isikike. Watu 5,000 wa kwanza walipojiandikisha walipiga kura, na mwaka 2003 wakaichagua New Hampshire, Wyoming ikashika nafasi ya pili. Mwezi Februari 2016 idadi ya walioahidi kuhamia ilifika 20,000.

Kuahidi si kuhama, na waliohama kweli ni sehemu tu ya idadi hiyo. Hata hivyo athari yao imeonekana. Wa kwanza kujulikana kushinda kiti cha uwakilishi ni Joel Winters, aliyechaguliwa mwaka 2006 kwa tiketi ya chama cha Democratic, jambo linalowashangaza wanaodhani kwamba watu hawa wote ni wa chama kimoja. Jason Osborne, aliyehamia kutoka Ohio, baadaye alikuja kuwa kiongozi wa walio wengi katika Baraza.

Wapo wenyeji wasiopendezwa, nao husema kwamba wageni wamekuja kulitwaa jimbo lao. Malalamiko hayo hayafai kupuuzwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni anayefika leo na kesho akamfundisha mwenyeji kuendesha nyumba yake hapokewi vizuri popote. Wagombea waliodumu ni wale waliokaa kwanza, wakajitolea katika kikosi cha zimamoto au kamati ya bajeti ya mji, wakajulikana kwa majina yao kabla ya kujulikana kwa itikadi zao.

Nani anaruhusiwa kugombea? Na aliyezaliwa Afrika?

Kwa uwakilishi, unatakiwa uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, uwe umeishi New Hampshire kwa miaka miwili kabla ya uchaguzi, na uwe mkazi wa eneo unaloliwania. Kwa Seneti masharti ni makali zaidi: umri wa miaka 30 na ukazi wa miaka saba. Uraia wa Marekani ni lazima, lakini hakuna sharti la kuzaliwa Marekani. Sharti hilo ni la urais na makamu wake tu. Mtu aliyezaliwa Bukavu au Bujumbura akaapishwa kuwa raia anaweza kuketi katika ukumbi wa Concord sawa na mjukuu wa walowezi wa kwanza.

Jambo hili limekwisha kutokea. Safiya Wazir, aliyefika Concord mwaka 2007 kama mkimbizi kutoka Afghanistan, alichaguliwa kuwa mwakilishi mwaka 2018 kwa tiketi ya Democratic. Aboul Khan, mzaliwa wa Bangladesh, amekuwa mwakilishi wa Seabrook kwa tiketi ya Republican. Siasa zao zinatofautiana, lakini kwa msomaji wetu wanathibitisha kwamba lafudhi haizuii mlango.

Nigombee kwa chama gani?

Hapa historia ina mafunzo makali. Katika miaka ya 1990 chama cha Libertarian, chama kidogo kinachotetea uhuru wa mtu binafsi, kilipata wawakilishi kadhaa katika Baraza, lakini kikapoteza nafasi yake rasmi kwenye karatasi ya kura kwa kukosa asilimia ya kura inayotakiwa na sheria. Kiliirejesha mwaka 2016 mgombea wake wa ugavana alipovuka asilimia 4. Mwaka 2017 wajumbe watatu waliokuwa wamechaguliwa kwa vyama vikubwa, Caleb Dyer, Joseph Stallcop na Brandon Phinney, walihamia chama hicho. Uchaguzi wa 2018 ulipokwisha, hakuna hata mmoja wao aliyebaki bungeni, na chama kikapoteza tena nafasi yake.

Kwa hiyo wapenda uhuru wengi hugombea ndani ya Republican, na wachache ndani ya Democratic, kufuatana na eneo na mambo wanayoyapa uzito. Karibu wapiga kura wanne kati ya kumi hawajajisajili na chama chochote, nao huruhusiwa kuchukua karatasi ya chama wanachokitaka siku ya kura ya mchujo, kwa hiyo mchujo si jambo la makada peke yao. Angalia tu kwamba mgombea wa chama ni lazima awe amesajiliwa katika chama hicho kabla ya kipindi cha kuchukua fomu kuanza, na wapo waliokwama kwa kusahau hilo.

Njia ya mgombea binafsi ipo pia, na msomaji wa Tanzania, ambako jambo hilo limebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, hatakosa kulitilia maanani. Kwa uwakilishi unahitaji saini 150 za wapiga kura wa eneo lako, na kwa Seneti saini 750. Sheria inamruhusu, kushinda ndiko kugumu, kwa kuwa wapiga kura wengi hutazama jina la chama kabla ya jina la mtu.

Fomu huchukuliwa lini na kwa ada gani?

Kwa utaratibu uliotumika kwa miaka mingi, kipindi cha fomu huanza Jumatano ya kwanza ya Juni katika mwaka unaogawanyika kwa mbili na kufungwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Mwakilishi huenda kwa karani wa mji wake. Ada imekuwa dola 2 kwa uwakilishi na dola 10 kwa Seneti. Mchujo hufuata Jumanne ya pili ya Septemba, na uchaguzi mkuu ni Novemba. Muulize karani mapema kuhusu tarehe za mwaka husika, kwani sheria za uchaguzi hurekebishwa mara kwa mara. Usisubiri siku ya mwisho.

Kampeni ya kiti kidogo huendeshwaje?

Kwa miguu, kama tulivyosema, lakini miguu bila mpango huchoka bure. Mji huuza au kutoa orodha ya wapiga kura, na orodha hiyo ndiyo ramani yako. Tafuta nyumba za wale wanaopiga kura katika kila mchujo, uzitembelee kuanzia Julai, jioni watu wakiwa wamerudi kazini. Jitambulishe kwa maneno machache, uliza kinachowasumbua, kisha sikiliza. Wengi watakutajia kodi ya majengo, kwa sababu katika jimbo lisilo na kodi ya mshahara wala ya mauzo mzigo wa shule na barabara huangukia nyumba na ardhi. Mgombea anayezungumza falsafa ya uhuru wakati mjane aliye mbele yake anahofia kuuza nyumba ili alipe kodi, hajamsikiliza bado.

Fahamu pia umbo la eneo lako. Maeneo mengine yana kiti kimoja, mengine yana viti vingi. Mji wa Derry, kwa mfano, huchagua wawakilishi 10 kwa pamoja, na kila mpiga kura ana kura 10 za kugawa. Katika eneo kama hilo hushindani na mtu mmoja, bali unatafuta kuwa miongoni mwa kumi wa kwanza, na ni busara wagombea wenye fikra moja kugawana mitaa na kusambaza kipeperushi kimoja.

Fedha hazihitajiki nyingi. Mabango, vipeperushi, barua moja kwa wapiga kura na mafuta ya gari hutosha katika maeneo mengi, na ukivuka kiwango cha mapato au matumizi kilichowekwa na sheria utatakiwa kuwasilisha taarifa. Weka hesabu safi tangu siku ya kwanza.

Je, kura moja inaweza kweli kuamua?

Novemba 2022, katika Wadi ya 4 ya Rochester, wagombea wawili walitoka sare, kila mmoja kura 970. Ilibidi uchaguzi urudiwe Februari 2023. Wakati huo Baraza zima lilikuwa limegawanyika wajumbe 201 kwa 198, kwa hiyo kiti kile kimoja kilikuwa na uzito wa jimbo zima. Mtu mmoja aliyebaki nyumbani siku ile kwa kuona uvivu angeweza kubadilisha matokeo.

Nikishinda, kazi yenyewe ni ipi?

Kusoma, kwanza na juu ya yote. Miswada inayofikishwa mbele ya bunge hufika mamia kwa mamia kila mwaka, kwa sababu mjumbe yeyote anaweza kuwasilisha muswada. Kila muswada katika Baraza hupelekwa kwenye kamati, husikilizwa hadharani mwananchi yeyote akiruhusiwa kusema, kisha hupigiwa kura na Baraza zima. Hakuna mwenyekiti wa kamati anayeweza kuufungia kabatini mpaka ufe kimya kimya, jambo la kawaida katika mabunge mengine ya Marekani. Kamati humaliza kwa kupendekeza ama "yafaa kupitishwa" ama "haifai kutungiwa sheria", na mtetezi wa uhuru atajikuta akipenda sana maneno hayo ya pili.

Hutakuwa na ofisi. Hutakuwa na karani wako. Utapangiwa kamati, na humo ndimo heshima hujengwa, kwa kuwa wenzako watakusikiliza ukumbini kwa kadiri walivyokuona ukifanya kazi kwenye meza ya kamati. Anayefika amechelewa na hajasoma, kisha akasimama kuhutubia kuhusu katiba, haachi alama yoyote.

Kuna kazi nyingine ambayo wagombea wengi hawaijui hadi wachaguliwe: wawakilishi wote wa kaunti moja hukaa pamoja kama mkutano wa kaunti na kupitisha bajeti yake, ambayo hugharamia gereza, nyumba ya wazee na ofisi ya sherifu. Jimbo lina kaunti 10. Anayejali matumizi ya serikali asidharau vikao hivyo, kwa maana fedha zake hutoka moja kwa moja kwenye kodi ya majengo.

Jumuiya iitwayo New Hampshire Liberty Alliance, iliyoanzishwa mwaka 2003, huwapitia wajumbe wote na kuwapa alama za mwaka kwa kura zao, na siku za vikao husambaza karatasi yenye rangi ya dhahabu inayochambua miswada kwa kipimo cha uhuru. Karatasi hiyo ni msaada mkubwa kwa mjumbe mpya. Lakini mjumbe anayepiga kura kwa kuisoma karatasi tu, bila kuusoma muswada, amekabidhi kiti chake kwa asiyechaguliwa.

Ni mambo gani yamebadilika kweli?

Nitataja machache niliyo na hakika nayo. Mwaka 2017 jimbo liliwaondolea wasusi wa nywele sharti la kuwa na leseni ya urembo. Jambo hili lingeonekana dogo kwa mwanasiasa mkubwa, ila kwa mama kutoka Kongo aliyejifunza ususi kwa shangazi yake na sasa anataka kulisha watoto kwa ujuzi huo, ni tofauti kati ya kufanya kazi mchana kweupe na kufanya kazi kwa kujificha. Kumlazimisha akae darasani mamia ya saa kufundishwa dawa na mikasi asiyoitumia hakukumlinda mteja yeyote. Kulilinda saluni zilizotangulia.

Mwaka 2018 wapiga kura waliongeza katika katiba ibara inayotambua haki ya mtu kuishi bila serikali kuingilia taarifa zake binafsi. Mabadiliko ya katiba huhitaji tatu ya tano ya kila chumba cha bunge, kisha theluthi mbili ya wapiga kura, na ibara hiyo ilipita. Neal Kurk, mwakilishi wa Weare, ndiye aliyeisimamia baada ya miaka mingi ya kushughulikia faragha. Kodi ya riba na gawio, iliyokuwa asilimia 5, ilipunguzwa hatua kwa hatua na kufutwa tarehe 1 Januari 2025. Akaunti za uhuru wa elimu, zinazomwezesha mzazi kutumia sehemu ya fedha za umma katika shule au masomo anayochagua, zilianza mwaka 2021, na mwaka 2025 sharti la kipato likaondolewa. Kuhusu hizo akaunti wapenda uhuru wenyewe hawakubaliani, kwani wapo wanaoona kwamba fedha ya serikali hatimaye hufuatwa na masharti ya serikali. Hoja yao ina uzito, na mgombea aijue.

Je, harakati hizi zimewahi kukosea?

Ndiyo, na kosa la Croydon linafaa kujifunzwa na kila mgombea. Croydon ni mji mdogo sana unaojiamulia mambo yake katika mkutano mkuu wa wananchi. Machi 2022, siku ya theluji na mahudhurio hafifu, ilitolewa hoja ya kupunguza bajeti ya shule kutoka takriban dola milioni 1.7 hadi dola 800,000. Ikapita kwa kura 20 kwa 14. Wazazi waliokuwa nyumbani waliamka kukuta bajeti ya watoto wao imekatwa zaidi ya nusu.

Wananchi wa Croydon hawakulala. Sheria iliwataka wakusanye angalau nusu ya wapiga kura wote waliosajiliwa ili kufungua upya jambo hilo, na Mei walijaa ukumbini wakairejesha bajeti kwa kura 377 kwa 2.

Wapo wanaosema kwamba walioleta hoja hawakuvunja sheria yoyote, na hiyo ni kweli kabisa. Lakini anayeamini kwamba serikali halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa hawezi kufurahia ushindi alioupata kwa sababu wanaotawaliwa hawakuwapo. Uhuru uliopitishwa jirani akiwa amelala huondolewa akiamka, na jina la harakati hubaki na doa. Kama unaona bajeti ya shule ni kubwa mno, sema hivyo mlangoni kwa mwenye mtoto shuleni, miezi kabla ya kura, na uvumilie akikufungia mlango.

Mfano mwingine ni wa mwaka 2022 pia, muswada wa marekebisho ya katiba uliotaka New Hampshire ijitenge na Marekani. Uliangushwa kwa kura 323 kwa 13. Kila mtu ana haki ya kuwasilisha anachoamini, hata hivyo mjumbe apime kama muswada wake utamfungua raia mmoja kutoka katika kizuizi kimoja, au utampa tu mpinzani kipeperushi cha uchaguzi ujao.

Nimeajiriwa. Je, ninaweza kugombea?

Inategemea mwajiri. Watumishi wa serikali kuu ya Marekani, wakiwamo wa posta, wamekatazwa na sheria ya shirikisho kugombea katika uchaguzi wa vyama. Wengine wazungumze na waajiri wao kabla ya kuchukua fomu, si baada ya kushinda. Mjumbe hutakiwa pia kutangaza vyanzo vya kipato chake.

Sina nafasi ya kugombea mwaka huu. Nifanye nini?

Nenda Concord. Jengo la bunge, lililofunguliwa mwaka 1819, ndilo kongwe kuliko yote nchini Marekani ambamo bunge la jimbo bado linakutana katika kumbi zake za awali, na milango yake iko wazi kwa mwananchi. Chagua muswada mmoja unaogusa kazi yako au mtaa wako, usome wote, kisha ujiandikishe kusema siku kamati inapousikiliza. Si lazima Kiingereza chako kiwe cha kitabuni. Wajumbe walioko mbele yako ni mafundi na walimu wastaafu, na watakuelewa. Sema kilichokupata au kitakachokupata, kwa dakika tatu, ukae. Ukimaliza mwulize mjumbe wa eneo lako kama anahitaji mtu wa kumsaidia kutembea nyumba kwa nyumba mwezi wa Julai.